DAKIKA ZA NJIANI ZALIPWA NA NANI?



Jumatatu moja mwezi uliopita nilitoka nyumbani Kaptembwa saa kumi na mbili kasorobo ya asubuhi, kama nifanyavyo siku zote, ili nifike langoni kabla ya saa moja. Matatu ilijaa, tukaondoka vizuri, tukakaribia mjini, tukasimama. Dakika kumi, dakika ishirini. Mbele yetu lori refu la makontena lilikuwa limekwama likikata kona, na nyuma yake magari yameshikana kama meno ya msumeno. Kondakta akasema atakaye kushuka na ashuke. Tukashuka karibu sote, tukaenda mbio kwa miguu ndani ya mtaro, maana njia ya watu wa miguu mahali hapo hapana. Nilifika saa moja na dakika tisa. Lango limefungwa. Tulikuwa watu kumi na mmoja nje, na mmoja wetu mama mwenye mimba. Tukaambiwa turudi saa sita, na nusu ya siku ikakatwa.

Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu tangu siku ile nimesikia mazungumzo mengi, garini, kantini na hata katika mkutano wa tawi letu, juu ya msongamano wa magari hapa Nakuru, na naona kwamba wengi wetu tumeanza kusema maneno ya watu wengine. Twasema, ondoeni matatu mjini. Twasema, ondoeni bodaboda. Twasema, ondoeni akina mama wauzao ndizi kando ya barabara. Sijasikia mtu hata mmoja akisema, ondoeni gari la meneja, ambalo kila asubuhi hubeba mtu mmoja na koti lake.

Tutazame kwanza mji wenyewe. Nakuru ilizaliwa na reli. Gari la moshi lilifika hapa mwaka 1900, na mwaka 1904 pakaitwa mji. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu kama 47,000. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu 570,674. Ni kweli mipaka nayo ilipanuliwa, na pamoja na hayo mji umekua zaidi ya mara kumi katika maisha ya mtu mmoja. Tarehe 1 Desemba 2021 tukapewa hadhi ya jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini karatasi ile ya jiji haikuongeza hata futi moja ya barabara.

Na mji huu una shida yake ambayo miji mingine haina. Kaskazini tumezuiwa na mlima wa Menengai na shimo lake kubwa. Kusini tumezuiwa na ziwa na mbuga ya wanyama, ambayo ina ua wake na haikatiki. Kwa hiyo mji hauwezi kukua kama chapati, kila upande. Umekua kama kamba, mashariki na magharibi: Lanet, Pipeline na Free Area upande huu, Kaptembwa, Rhonda na Kiamunyi upande ule. Mtu wa upande mmoja akitaka kwenda upande wa pili, lazima apite katikati. Na katikati ile ile ndimo mlimo na soko, hospitali, benki, ofisi za serikali, shule na stendi. Kisha barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda nayo yapita papo hapo ubavuni mwetu. Reli mpya ilipokoma Naivasha mwaka 2019, mizigo ya kwenda Malaba haikuacha kupita hapa kwa matairi.

Basi hayo ni magari ya namna mbili, na watu wakiyachanganya hawawezi kupata dawa. Kuna magari yapitayo tu, ambayo hayana haja na Nakuru. Hayo dawa yake ni barabara ya kuyazungusha nje ya mji. Wenzetu wa Eldoret, waliopata jiji lao Agosti 2024, walijengewa barabara ya namna hiyo upande wa kusini, na lori la Uganda halina tena sababu ya kupita mbele ya maduka yao. Kazi hiyo ni ya Serikali Kuu, maana barabara kuu ni zake. Sina maneno mengi juu ya hayo. Ijengwe.

Shida yetu kubwa ni ya namna ya pili, yaani magari yetu wenyewe, nayo haiondolewi na lami. Tazameni Nairobi. Barabara ya Thika ilimalizwa mwaka 2012, pana kuliko zote tulizokuwa tumeziona, njia nne kwenda na njia nne kurudi. Waliokuwa wakikaa karibu na kazi wakahamia mbali kwa kuwa barabara ni nzuri, waliokuwa wakipanda basi wakanunua magari kwa sababu hiyo hiyo, na baada ya miaka michache magari yakasimama tena asubuhi na jioni. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu, kilometa 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na kila gari hulipa ada kupita. Mwenye pesa hupita juu. Sisi hupita chini yake, tukitazama nguzo. Sisemi barabara zisijengwe. Nasema mtu akiwaambia kwamba akipanua barabara fulani msongamano utakwisha, mwulizeni mbona Nairobi haukwisha.

Na ile dawa ya kufukuza matatu, hiyo nayo imekwisha kujaribiwa huko huko. Tarehe 3 Desemba 2018 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilizuia matatu zote kuingia katikati ya mji. Siku hiyo maelfu ya watu walitembea kwa miguu kutoka stendi za nje: wazee, wagonjwa waendao kliniki, akina mama na watoto mgongoni. Magari ya watu binafsi yakaingia kama kawaida, hata yakaona raha kwa kupata nafasi. Amri ile haikumaliza siku mbili, ikasimamishwa. Sasa kila mara nisikiapo mtu wa Nakuru akisema stendi zipelekwe nje ya mji, huuliza swali moja tu: kutoka hiyo stendi ya nje hadi langoni kwangu, nitakwenda na nini? Kama ni kwa miguu, mniongezee dakika thelathini katika siku yangu. Kama ni kwa tuktuk au bodaboda, mniongezee nauli ya pili, kwenda na kurudi, siku ishirini na sita katika mwezi. Pigeni hesabu hiyo wenyewe kwa nauli mnayoijua, kisha iwekeni kando ya nyongeza ya mshahara tuliyoipigania mwaka mzima, mwone kinachobaki.

Mimi si mpenzi wa matatu. Hukaa barabarani zikijaza watu, huziba makutano, hupakia mahali pasipo stendi. Hayo yote ni kweli na yanachelewesha kila mtu. Lakini sisi ni watu wa chama cha wafanya kazi, na yatupasa kuuliza jambo hili kama watu wa chama. Kwa nini dereva yule azibe njia? Kwa sababu hana mshahara. Asubuhi mwenye gari humwambia, nataka hesabu yangu ya leo, kiasi fulani. Petroli ni juu yako, makosa ni juu yako, kitakachobaki ndicho chenu wewe na kondakta. Mtu wa namna hiyo hawezi kuondoka stendi na viti vitatu vitupu, maana viti hivyo vitatu ndivyo chakula chake. Hawezi kumwacha abiria apungaye mkono katikati ya makutano. Wewe ungekuwa mahali pake ungefanya vile vile.

Sheria ilikwisha kuliona jambo hili. Zile kanuni za mwaka 2004, ambazo watu huziita kanuni za Michuki, hazikuleta mikanda na mstari wa manjano tu. Zilisema pia kwamba dereva na kondakta waajiriwe kwa kudumu na walipwe mshahara wa mwezi. Mikanda tuliiona. Mstari wa manjano tuliuona. Mshahara wa mwezi wengi wao bado wanaungoja. Kama Kaunti inataka magari yaondoke kwa saa, iwe au hayajajaa, basi na iwape leseni za njia wale tu watakaoonyesha karatasi za mishahara ya watu wao. Nadhani hilo lingefungua makutano mengi kuliko askari kumi wenye filimbi. Na wale madereva na makondakta ni wafanya kazi kama sisi. Mahali pao ni chamani.

Sasa nirudi kwa gari la meneja. Matatu ya watu kumi na wanne hushika nafasi ya barabara kama gari moja na nusu, au tuseme mawili. Watu hao hao kumi na wanne wakija kila mmoja na gari lake, ni mstari wa magari kumi na manne, na jioni ni yale yale. Tena matatu ikishusha watu huondoka. Gari la mtu binafsi hukaa kando ya barabara kutwa nzima, limeshika ardhi ya mji iliyo ghali kuliko chumba ninacholala. Singapore ilianza kutoza magari yaingiayo katikati ya mji mwaka 1975, na London mwaka 2003. Sisi hatuna haja ya mitambo kama yao. Tuna ada ya maegesho. Ifanywe kubwa kwa saa za asubuhi na jioni katikati ya mji, ndogo pembeni, na mapato yake yaandikwe katika hesabu ya peke yake, yatumike kwa njia za miguu na stendi.

Najua maneno haya hayatawapendeza wote. Katika tawi letu wamo makarani na mafundi walionunua gari dogo kuukuu kwa mkopo wa ushirika, na mmoja amekwisha kuniambia kwamba mimi nataka kumwadhibu kwa kufanikiwa. Ndugu yangu yule ana haki ya kukasirika. Alinunua gari kwa sababu mkewe hutoka kazini usiku, na usiku matatu ya kwao hapana. Jibu langu ni kwamba jambo la mkewe ni jambo la chama: zamu ya usiku iletewe gari la kampuni. Lakini siwezi kumdanganya kwamba ada haitamgusa. Itamgusa.

Yako mambo mawili ambayo hayahitaji pesa nyingi, na kwa sababu hiyo nadhani hakuna anayeyataja.

La kwanza ni saa za kuanza kazi. Viwanda vingi huanza saa moja au saa mbili. Ofisi huanza saa mbili. Shule nazo zataka watoto saa hizo hizo. Maana yake ni kwamba mji mzima hutaka kupita katika tundu moja kwa muda wa saa moja na nusu, kisha saa nne asubuhi waweza kulala barabarani. Kama matajiri wa eneo la viwanda wangekaa pamoja na vyama na Kaunti, wakapatana kwamba hawa waingie saa kumi na mbili na nusu, hawa saa moja na nusu, hawa saa mbili na nusu, na watoke kwa mpango huo huo, watu wale wale wangepita katika barabara ile ile bila kusukumana. Hili halina lami wala saruji. Lina mkutano mmoja na chai. Sharti letu liwe moja: saa zisiongezwe, na mama mwenye watoto asipangiwe saa kumi na mbili na nusu kwa nguvu.

La pili ni miguu yetu. Huko Nairobi uchunguzi wa safari za watu umeonyesha kwamba karibu safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu tangu mwanzo hadi mwisho. Sioni sababu ya Nakuru kuwa pungufu ya hapo. Simameni kwenye barabara ya Rhonda saa kumi na mbili asubuhi mwone jeshi. Watu wote hao hawana msongamano na hawamzuii mtu. Ila wakitembea barabarani kwa kukosa njia yao, magari hupunguza mwendo na wao hugongwa. Wataalamu wa barabara hukadiria kwamba njia moja ya upana wa mita tatu na nusu hupitisha watu kama 2,000 kwa saa wakiwa katika magari, na kama 14,000 wakiwa juu ya baiskeli. Wazee wetu wa reli walikwenda kazini kwa baiskeli nyeusi zenye kengele, na hawakuchelewa. Leo mtu akienda na baiskeli penye lori za kontena, watoto wake humwombea asubuhi. Kisumu wamejenga njia pana za miguu katikati ya mji wao, kwa mawe na miti ya kivuli, na mji haukufa. Biashara za barabara ile ziko pale pale.

Mtu asituambie kwamba watu wa miguu na wa matatu hawalipii barabara. Ile kodi ya kutengeneza barabara iliyomo katika kila lita ya petroli na dizeli ilipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwenye matatu hailipi kutoka mfukoni mwake. Huitia katika nauli. Twailipa kila asubuhi.

Sasa ile nusu ya siku iliyokatwa. Nimekwenda kuisoma Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, nanyi isomeni. Kifungu cha 19 kimetaja makato ambayo tajiri aruhusiwa kuyafanya. Juu ya kukosa kazini, chataja mshahara usiozidi wa siku moja kwa kila siku ambayo mtu hakuwapo kazini siku nzima, bila ruhusa wala sababu ya haki. Siku nzima, ndugu zangu. Dakika tisa sizioni. Tena mtu huyo hakukosa kuja. Amekuja, akafungiwa lango. Hayo nimeyapeleka kwa karani wa tawi, naye amekwisha kuandika barua. Wale kumi na mmoja tumetia sahihi sote.

Jambo jingine la kujua ni hili. Kwa Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, pia ya mwaka 2007, mfanya kazi aumiaye akiwa ndani ya gari ambalo tajiri ameliweka la kumleta kazini bila nauli, huhesabiwa kama ameumia kazini. Aumiaye mtaroni akikimbilia lango lisifungwe hana ulinzi huo. Basi tudaipo magari ya kampuni tusidhani ni anasa. Basi moja la kampuni kutoka Kaptembwa na jingine kutoka Lanet lingeondoa matatu kadhaa katika foleni, lingetufikisha kwa saa, na mtu akivunjika mguu angelipwa. Liingizwe katika mapatano yajayo, karibu na kifungu cha nyumba, wala lisitupwe mwisho wa karatasi pamoja na sabuni na aproni.

Kuhusu Kaunti, njia iko wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi Kaunti barabara zake, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa abiria. Haiwezi kusema ni kazi ya Nairobi. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti, nalo halina budi kulipokea. Ombi la mtu mmoja hukaa kabatini. Ombi lenye sahihi za viwanda sita, lenye hesabu, ni vigumu kulikalia.

Hesabu hizo twaweza kuzikusanya wenyewe. Kwa majuma mawili kuanzia Jumatatu ijayo, kila mmoja wetu achukue kijitabu aandike mambo manne: saa aliyotoka nyumbani, saa aliyofika langoni, nauli aliyolipa, na mahali gari liliposimama muda mrefu. Atembeaye kwa miguu aandike pia mahali ambapo njia hapana au taa haziwaki. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake. Mwenye gari lake naye aandike. Twataka na hesabu yake. Mpeni mwakilishi wenu wa kiwanda kijitabu hicho Ijumaa ya juma la pili, kabla ya zamu ya mchana kutoka. Wa zamu ya usiku waviache kwa mlinzi wa lango la nyuma, nimesema naye.

Mwanachama wa Kaptembwa